Mara Nne Kuvuka Bwawa: Tunamuaga Kocha Darlene Hoekstra

Miaka thelathini na saba! Kocha Darlene Hoekstra aliingia Chuo cha Tolliver Agosti 1988, akiwa na mkoba mmoja na sauti ya kuwatosha watu wawili, na tarehe 30 Juni mwaka huu wa 2025 anastaafu. Tangu Jumatatu nimekaa hapa ofisi ya msajili nikijaribu kuandika kwa utulivu, kama ilivyo desturi ya jarida letu. Nimeshindwa. Nina furaha mno, na mkifika mwisho mtanielewa.

Sheria yetu mnaijua. Uwe umesomea Kigiriki, kemia au ushairi, Tolliver hupewi shahada mpaka uvuke bwawa la kuogelea mara nne bila kusimama. Waanzilishi waliona haifai mtu aliyeelimika azame. Katika wanafunzi wetu mia tisa, kila mwaka hawakosi thelathini ambao hawajawahi kuingia maji yanayopita magoti. Hao wote walikuwa wa Kocha, na mimi ndiye niliyempelekea majina yao kila Septemba.

Visa havihesabiki. Mwaka 2003 alimjia mwanahisabati mmoja, Elliot Prusak, na kurasa nne za kuthibitisha kwamba mwili wake hauwezi kuelea. Kocha akaketi ukingoni, akazisoma zote, akatia sahihi chini. "Hongera, kazi safi," akamwambia. "Sasa ingia tuyasomee maji." Elliot alielea siku hiyohiyo, na mpaka leo anatuandikia kwamba kosa lilikuwa ukurasa wa tatu.

Timu yake ya wanawake ilitwaa ubingwa wa ligi mara sita; makombe yapo kabatini, nendeni mkayaone. Lakini mimi nilichokuwa nakitazama ni kingine. Kijana anaingia bwawani Septemba anatetemeka kama amepigwa na homa, na Aprili yuleyule anampinga profesa wake darasani, tena bila kupepesa macho. Msiniulize yanahusianaje, mimi ni mtu wa mafaili. Nimeyaona tu, mwaka baada ya mwaka.

Jina moja tu ndilo lililomponyoka. Mei 1990, Russell Bruggeman alikuwa amemaliza masomo yote ya historia kwa alama za juu, kumebaki bwawa. Siku ya mtihani akaishika ngazi, akakataa kuiachia. Kocha wakati huo alikuwa na miaka thelathini na miwili na haraka nyingi. Akampigia kelele mbele ya wenzake: "Wee Russell! Hata mpwa wangu wa miaka mitano ameshavuka!" Wenzake wakaangua kicheko. Russell akatoka majini, akasema, "Nimesomea historia mimi, sikusomea usamaki," akaenda zake bila shahada.

Alirudi kufuga nguruwe shambani kwao, maili nne tu kutoka hapa. Kwa miaka thelathini na tano, kila akimwona Kocha dukani aligeuza kigari chake akakimbilia kwenye vyakula vya mbwa, na mbwa hana.

Kocha hakujitetea hata siku moja. Kuanzia Septemba iliyofuata, wote waliokuwa na hofu aliwafundisha mmoja mmoja, asubuhi na mapema, milango imefungwa, naye akiwa ndani ya maji pamoja nao. Kelele zake zote akaiachia timu. Wengi wenu mliofundishwa kwa upole huo hamjui kwamba chanzo chake ni Russell. Mwenyewe aliniambia mara kadhaa kwamba hatastaafu kwa amani na yule mtu yuko nje.

Basi Februari walimu wakapiga kura: sheria inafutwa kuanzia tarehe mosi Julai. Nikamwandikia Russell kwa furaha kwamba asubiri tu, shahada yake itakuja kwa posta. Siku ya tatu akasimama mbele ya meza yangu, viatu vimejaa matope.

"Bi Nadine, hii barua inasema nisiogelee?"

"Hata unyayo usilowe, Bwana Bruggeman."

"Na yeye bado yupo?"

"Mpaka mwisho wa Juni."

Akashusha pumzi ndefu. "Basi mwambie naja kesho. Nimechoka kusoma makopo ya mbwa."

Kesho yake Kocha alikuwa anamsubiri majini. "Russell, siku ile nilikukosea vibaya, tena mbele za watu. Naomba unisamehe."

"Nilikusamehe zamani, Kocha," akajibu, meno yanagongana. "Ila kila nikiiona sura yako naona maji."

Wiki kumi na mbili walikuwa pamoja, kila siku akishalisha nguruwe. Kufikia mwanzo wa Mei alivuka mara mbili. Ya tatu ilimshinda kabisa. Nikamnong'oneza Kocha kwamba akifika tatu inatosha, nani atahesabu? Akanikazia macho. "Nadine, usithubutu. Hakurudi hapa kuja kuhurumiwa." Aibu ikanijaa.

Ijumaa tarehe 16 Mei, kesho yake ndiyo mahafali, Russell aliomba milango ifunguliwe. Alisema walioona akishindwa walikuwa wengi, na leo wawe wengi vilevile. Wakaja wanafunzi wa mwaka wa mwisho kama sitini, wakaketi ukingoni. Kocha alikuwa ndani ya maji, hatua mbili pembeni yake.

Ya kwanza, ya pili. Ya tatu akaipita, jamani, nikajikuta nimesimama! Katikati ya ile ya nne akameza maji. Kichwa kikazama, kikaibuka, mkono ukatapatapa. Kocha akanyoosha wake, kisha nikamwona anaurudisha kifuani na kuushika kwa ule mwingine. Russell akajigeuza chali, akaelea, akakohoa, akavuta pumzi nne tano. Halafu akajipindua akaendelea, polepole, mpaka akagusa ukuta.

Paa la bwawa nusura ling'oke kwa shangwe! Na sisi tukiwa bado tunakumbatiana, Russell akageuka akaanza tena. "Imetosha, Russell! Imetosha!" Hasikii. Akavuka mara ya tano, akashika ukingo, anahema kama nguruwe zake.

"Zile nne zilikuwa za chuo," akasema. "Hii ni yangu."

Kocha wetu mwenye sauti ile alifungua mdomo, isitoke sauti. Akalia tu majini, wazi, hakujificha. Kesho yake Russell, miaka hamsini na saba, akaandamana kwenye foleni ya mahafali katikati ya vijana wa miaka ishirini na miwili, na hakuna aliyeshangiliwa kumzidi.

Kocha Darlene, asante kwa asubuhi zote ulizolowa kwa ajili ya watoto wa wenzio. Asante kwa kukosea siku moja na kujirekebisha miaka thelathini na tano. Tunakutakia afya tele, usingizi mpaka saa tatu, na samaki wengi huko ziwani Minnesota unakohamia. Uende na amani yako yote. Asubuhi hii nimeyapitia majina ya miaka thelathini na saba, jina kwa jina, na kidole changu hakikusimama popote. Wote wamevuka.