Fundi Athanas Nyangwine na Mlima wa kwa Waisiko

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, wazee wa ukoo, mama zetu mliokaa chini tangu Jumanne, na ninyi nyote mliotoka Tarime, Machochwe na hapa hapa Ringwani, shikamooni kwa wanaostahili, na poleni kwa wote. Mimi ni Amos Nyangwine, mdogo wa marehemu, familia imenipa karatasi hii niisome, na naomba mnivumilie, kwa sababu nitasoma polepole.

Marehemu kaka yetu Athanas alizaliwa tarehe 14 Agosti 1961 hapa Ringwani, mtoto wa pili kati ya watoto watano wa mzee Nyangwine Machage na mama Bhoke, ambao wote wawili wametangulia. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, hakuchaguliwa kuendelea, akachunga ng'ombe wa baba mwaka mmoja, kisha Januari 1978 akaenda Tarime kwa fundi Sylvester, aliyekuwa na gereji Nyamisangura, akaanza kwa kuosha vyuma kwa dizeli, na baada ya miaka minne alikuwa anashusha injini bila kusimamiwa.

Jumamosi tarehe 19 Julai 1986 alifunga ndoa takatifu na Agustina, binti wa Machochwe, na Mungu aliwajalia watoto watatu, Daudi, Philomena na Happy, pamoja na wajukuu saba. Mwaka 1989 alifungua gereji yake mwenyewe pale pale Nyamisangura, akaiendesha hadi mwaka 2011, aliporudi nyumbani na ile pikapu nyeupe mnayoifahamu, ya mwaka 1996, ya otomatiki, aliyoinunua mnadani ikiwa imekufa gia boksi, akaifufua kwa mikono yake, na wengi mlimcheka mkisema otomatiki ni gari la lami, huku kwetu litakuwa banda la kuku.

Halikuwa banda la kuku. Ndilo lililobeba wagonjwa wenu, wajawazito wenu, mahindi yenu na marehemu wenu kwa miaka kumi na nne. Kaka alikuwa akisema otomatiki haiuawi na umri, inauawa na joto, na kila asubuhi, kabla ya sala ya chai, aliliwasha gari mahali pa tambarare, akachomoa stiki ya oili ya gia, akaifuta kwa kitambaa cheupe, akatazama, akanusa. Oili ikiwa nyekundu alishukuru Mungu, ikiwa ya kahawia aliibadilisha, na ikinuka kama ugali ulioungua hakwenda popote, hata angeitwa na nani. Mbele ya rejeta alifunga nyingine ndogo ya kupoza oili hiyo, akaiosha kila wiki, kwa kuwa mbegu za nyasi na tope huiziba. Mlimani aliweka gia namba mbili, hakuliacha gari lihangaike kutafuta gia, na likianza kunguruma bila kwenda alisimama, akaondoa gia, akaacha injini inazunguka taratibu robo saa ili oili ipoe, na kabla ya yote hayo alishusha watu.

Hapo kwenye kushusha watu ndipo mlipogombana naye. Kwetu anayeshuka kwenye gari la msiba au la mgonjwa anaonekana amemwacha mwenzake, na mgonjwa akifa, huyo ataulizwa alishukia nini. Mwaka 2014, tulipokuwa tunamleta nyumbani marehemu baba yetu, kaka alisimamisha gari chini ya mlima wa kwa Waisiko, akawaambia waombolezaji wote wapande kwa miguu, na shangazi yetu Wegesa akamwambia mbele ya watu, "Athanas, unakihurumia chuma kuliko baba yako?" Kaka akamjibu, "Shangazi, chuma kikifa hapa, baba atalala njiani." Watu walitembea, baba alifika, na wazee wakamtoza kaka mbuzi kwa kukosa adabu, akamtoa bila kununa.

Tangu mwaka jana macho yake yalipungua, akanikabidhi usukani. Jumanne iliyopita, tarehe 11 Machi 2025, aliamka na maumivu makali ya tumbo, tukampeleka zahanati, na tabibu akatuambia utumbo umejisokota, afike hospitali ya Mugumu kabla ya saa sita apasuliwe. Tuliondoka saa tatu asubuhi, barabara ikiwa na tope la masika, kaka akiwa amelazwa kwenye godoro nyuma, kichwa chake mapajani mwa Agustina, shangazi Wegesa mbele pamoja nami, na nyuma walikuwa wamepanda watu kumi na wanne kumsindikiza. Asubuhi ile sikuifuta stiki. Wala sikumwambia mtu yeyote ashuke.

Katikati ya mlima wa kwa Waisiko kaka aligonga bodi, nikasikia sauti yake dirishani, "Amos, oili inaungua, washushe watu." Nilimsikia. Nilidhani kusimama ni kumchelewesha, na niliona aibu kuwashusha wazee, nikakanyaga mafuta. Hatukumaliza hatua mia tatu, injini ikalia, gari likakataa, likaanza kurudi nyuma, vijana wakaweka mawe kwenye magurudumu, na nilipochomoa stiki oili ilikuwa nyeusi. Tulipiga simu, magari yalikuwa mbali na yamekwama, na kaka hakuweza kukalishwa kwenye pikipiki. Alifariki saa sita na dakika ishirini, pale mlimani, akiwa na miaka sitini na mitatu, baada ya kusali Baba Yetu pamoja nasi. Lori la mchanga lilifika saa saba.

Sikutaka kuandika haya. Agustina ndiye aliyeniambia, "Shemeji, iandike, asife mwingine kwa heshima yetu." Wote mliopanda mlipanda kwa upendo, wala hakuna wa kumlaumu. Usukani nilikuwa nao mimi, na fundi alikuwa amelala nyuma ya mgongo wangu. Naomba mniombee.

Familia inamshukuru tabibu wa zahanati, aliyetuambia ukweli mapema, dereva wa lori, aliyekataa malipo, mafundi wa Nyamisangura, waliofunga gereji zao leo, majirani waliopika na kuchimba kaburi, na Baba Paroko pamoja na jumuiya.

Kutoka hapa kanisani hadi nyumbani kwa kaka ni kupitia mlima ule ule. Jirani yetu Emanueli ametupatia pikapu yake, nayo ni ya otomatiki, nayo ni ya zamani, na asubuhi hii ameifuta stiki kwa kitambaa cheupe nikiwa nimesimama, oili ni nyekundu. Familia inaomba jeneza lipande peke yake. Shangazi Wegesa, mwenye miaka themanini na mmoja, amesema atatangulia yeye na fimbo yake, na atakayemwona ametembea asibaki amekaa.

Kaka Athanas, Bwana akulaze kwa amani. Watu wameshuka.