Kidonge Kilichozidi Uzito

Sogezeni viti, wanangu, na zimeni simu, hasa wewe wa pili, maana simu yako imeshanifanyia ya kutosha. Mdomo wangu umepinda upande mmoja na maneno yanatoka kwa kusuasua, kwa hiyo asiyesikiliza vizuri itakuwa imekula kwake, sirudii. Daktari ameniruhusu nirudi nyumbani, nanyi ni watu wazima, mnajua mgonjwa wa hali hii huruhusiwa kwa sababu gani. Wewe mkubwa acha kupima ukuta kwa macho. Nyumba ni yenu watatu, wala sitaizungumzia tena, kwa sababu matofali hayajawahi kunitia wasiwasi. Kinachonitia wasiwasi ni vichwa vyenu.

Nimewadharau kwa muda mrefu. Leo nitawaeleza kwa nini, kisha nitawaeleza kwa nini najidharau mwenyewe kuliko ninavyowadharau nyinyi, na atakayeona uchungu asubiri nifike mwisho.

Mnaijua kazi iliyowalisha. Miaka arobaini nimekuwa fundi mizani. Mizani ya mchinjaji, ya muuza nafaka, ya sonara, hata ile ya kupimia watoto wachanga kliniki, zote zimelala kwenye meza yangu zikafunguliwa matumbo. Mchinjaji mmoja alikuwa akigandisha sumaku chini ya sahani. Nilimwambia mbele ya wateja wake aitoe, na hakunisalimia mpaka alipokufa, nami sikuikosa salamu yake. Kidole hiki cha mkono wa kulia, ambao bado ni mzima, kinajua tofauti ya punje moja ya mchele. Sasa nyinyi, watoto wa mtu wa namna hiyo, mkakaa kikao mkaamua kunibadilishia dawa!

Usilie, mwalimu. Unafundisha watoto wa watu kusoma na kufikiri, halafu mtu usiyemjua jina wala sura anakutumia ujumbe kwamba vidonge vya presha vinakifungulia kirusi mlango wa mapafu, nawe unauamini kama umeshushwa mbinguni. Kikohozi kilikuwa kimezagaa mtaa mzima, wazee wanaanguka mmoja mmoja, ukaogopa. Kuogopa si kosa. Lakini hukumuuliza daktari, hukumuuliza muuza dawa, hukuniuliza mimi mwenye mwili. Ulimwaga vidonge vyangu kwenye sinki, ukajaza kopo langu vidonge vya vitamini, vyeupe vya mviringo, ukanirudishia kopo kwa tabasamu. Ulifanya kwa upendo, najua, na hilo ndilo linalonichefua, kwa sababu mjinga mwenye chuki unaweza kumfungia mlango, mjinga mwenye upendo ana ufunguo wa nyumba.

Na wewe kitinda mimba, dereva wa lori, uliambiwa. Ukasema, "Mimi simo." Mtu anayekaa kimya huku breki za mwenzake zinakatwa, anasema hayumo! Na wewe mkubwa uliambiwa pia, ukajibu kwamba ni afadhali, vidonge vyenyewe vinamchosha mzee. Nani alikwambia vinanichosha? Kilichonichosha ni nyinyi.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo aibu inapohamia kwangu. Nilijua. Asubuhi ya kwanza kabisa nilikiweka kidonge kwenye kiganja nikaona si chenyewe. Nikakipeleka kwenye karakana, nikakilaza juu ya mizani ya sonara, kikazidi uzito. Nikakaa pale nikicheka peke yangu. Nikasema, ngoja nione ni mtoto yupi atakayekuja kuniambia kweli. Nikakimeza. Kesho yake nikameza kingine. Siku tisa, wanangu, nimemeza uongo wenu kwa maji ya uvuguvugu, kila nikimeza nawatazama usoni mmoja mmoja, nanyi mnaniuliza, "Baba, umeamkaje?" Siku ya kumi homa ikanipanda, kifua kikabana, na huko wodini, nikiwa na mpira wa hewa puani, ndipo mshipa wa kichwa uliponisaliti na mkono huu wa kushoto ukafa. Mtu mzima na akili zake alicheza karata na roho yake ili ashinde ubishi ambao hakuna aliyekuwa anabishana naye. Nyani haoni kundule, wahenga walisema, na mimi fundi wa kupima vitu vya watu sikujipima.

Yule daktari wa kike, mdogo kuliko nyinyi wote, alinieleza bila kunisimanga. Alisema uvumi ule ulizaliwa na swali la kweli, kwamba baadhi ya dawa za presha hugusa njia ileile ya mwilini ambayo kirusi fulani huitumia kuingia. Wataalamu wakaogopa, wakachunguza wagonjwa wengi, wakakuta walioendelea na dawa zao hawakudhurika zaidi ya walioziacha. Lakini mzee mwenye homa ya mapafu ukimwachia na presha ipande, umemtwisha punda mchovu gunia la pili. Basi. Maneno machache, na angekuambieni bure kama mngemuuliza.

Kisha akaniuliza swali moja. "Mzee, kwenu kuna mwingine mwenye presha? Kaka? Mdogo wako?"

Mnamwona huyu mama aliyekaa karibu na mlango, nimemwita mwenyewe. Mmemsalimia kwa ncha za vidole kama mlivyofundishwa. Ni shemeji yangu, mke wa baba yenu mdogo, na mlikua mkiambiwa kwamba alimtilia mume wake sumu kwenye chai. Mdogo wangu alianguka kwenye sakafu ya karakana akiwa na miaka arobaini na saba, bisibisi mkononi, na kabla jua halijazama ukoo mzima ulikuwa umeshampata muuaji. Alitupiwa nguo zake nje. Mimi nilikuwepo, nimesimama hapo kwenye ngazi.

Na mfukoni nilikuwa na karatasi ya hospitali. Ilisema presha kubwa ya muda mrefu, mshipa umepasuka ndani ya kichwa. Haikuwa na sumu hata herufi moja. Niliisoma, nikaikunja, nikaificha, kwa sababu karakana ilikuwa yetu sisi wawili, mimi na mdogo wangu, na mjane akiwa muuaji basi karakana nzima inakuwa yangu. Ndiyo, mkubwa, nitumbulie macho. Ada yako ya shule ilitoka humo humo.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini mimi nilificha maradhi ya marehemu, na tazameni yanamuumbua nani. Karatasi ile ingewaambia tangu mko shuleni kwamba babu yenu aliyeanguka shambani hakurogwa, kwamba shangazi yenu hakufa kwa masononeko, kwamba kuna kitu tunapeana kwenye damu kizazi hadi kizazi pamoja na pua hizi bapa. Vinasaba, daktari aliviita hivyo. Akasema si hukumu. Mtu anazaliwa kwenye mteremko, lakini akijua kuna mteremko anaweza kufunga breki: apime, apunguze chumvi, ameze dawa, asiidharau siku hata moja. Nikawanyima breki ili nibaki na karakana. Mnagombania urithi, kumbe mlishagawiwa tumboni mwa mama yenu, na hakuna aliyepunjwa.

Kwa hiyo shikeni haya. Karakana, na kila kilichomo, ni ya shemeji. Wakili ameshaandika, nimeweka dole gumba jana. Wewe mkubwa uliyekuwa unataka kuifanya ghala, tafuta ghala kwingine. Mtakwenda kwa kila mtu wa ukoo mkiwa na karatasi ile, ipo chini ya godoro langu, mtaisoma kwa sauti, na jina la huyu mama litasafishwa na vinywa vilevile vilivyolichafua. Atakayeona haya kusoma asije kwenye maziko yangu.

La mwisho. Leteni kile kipima presha mezani. Nimekikagua mwenyewe, hakidanganyi. Mwalimu ameshapima, anameza dawa, angalau hofu yake mara hii imemsaidia. Kitinda mimba yuko sawa kwa sasa. Bado wewe, mkubwa. Kila mwaka unanijibu kwamba huna presha, una hasira tu. Una miaka arobaini na sita. Kunja mkono wa shati. Sijakuomba, nimekuamuru, na sitakuwepo tena kukuamuru kitu kingine.

Shemeji, mfunge. Juu kidogo ya kiwiko. Wewe, miguu chini, mdomo kimya.

Ngapi? Sema kwa sauti, shemeji, sikio nalo... Mia moja tisini na nane? Na ya chini? Mia moja ishirini na mbili. Subirini kidogo, mpime tena, alikuwa amekasirika, nilimkasirisha mimi... Tena hiyo hiyo.

Mwanangu.

Kichwa kinakuuma? Tangu lini? Wiki nzima, na macho yanaona giza, na hukumwambia mtu? Ah, wewe ni wangu kweli.

Mwalimu, mshike kaka yako mkono, taratibu. Kitinda mimba, washa gari, hospitali, sasa hivi, usiende kwa fujo. Hapana, msibaki. Anayenipenda atoke. Mmoja wenu akifika kabla mshipa haujapasuka, inatosha... Nilikuwa nimeandaa baraka ndefu, imenitoka. Mungu awatunze. Awape adabu ya kuuliza. Damu niliyowapa ni mbaya, aitulize Yeye... Nimewapenda, wajinga nyinyi. Nendeni.

Wameondoka? Nasikia gari... Vizuri.

Shemeji. Sogeza kiti, sauti inakwisha. Nimesema na watoto, nimesema na wakili, na wewe bado... Sijawahi kumwomba mtu msamaha maishani. Nielekeze. Mtu huanza kwa kusema nini?