Ua Ndani ya Kola

Tulikuwa kwenye gari ya Mtambile, na mbele yangu walikaa mabibi wawili wasiojuana. Mmoja, ambaye konda alimwita Bi Afra, alikuwa anajigamba kwamba marehemu mumewe aliichezea timu ya taifa ya Zanzibar, na jezi yake ameitunza mpaka leo.

"Jezi za mwanzo zilikuja tupu," alisema mwenzake. "Nambari tulizitia sisi washona kofia. Miye nilipewa jezi nambari saba."

"Saba ndiyo yake," Bi Afra alisema, akamgeukia.

"Thabit!" Yule bibi alilitamka jina hilo kama mtu anayeonja halua.

"Marehemu mume wangu," Bi Afra alimsahihisha. "Na ndani ya kola mna ua la kilua. Aliniambia ni alama ya kiwanda."

Nilitamani kuuliza ni kiwanda gani cha Ulaya kinachojua kwamba kilua hupewa mpenzi, lakini nina watoto wanaonitegemea.

"Kiwanda!" Yule bibi alicheka mpaka akajifuta macho kwa mtandio. Kisha sauti ikamshuka. "Kwani hakulifumua?"

Bi Afra alitazama nje, kwenye mikarafuu.

"Lilifumuka lenyewe mara mbili," alisema. "Nikalirudishia miye, kwa mkono wangu huu. Kumbe nakushonea weye!"

Gari ikasimama Mtambile. Wote wawili walikuwa wamesema wanashuka hapo, na hakuna aliyenyanyuka.