Kabwe Godefroid, Aliyewaonyesha Wageni Bomba Bovu

Ndugu waombolezaji, mtuwie radhi mapema, familia ilitafuta msomaji mwenye sauti ya huzuni ikamkosa, ikaniangukia mimi shemeji yake Chileshe, kwa hiyo nikisoma vibaya msimlaumu marehemu, si yeye aliyeniteua.

Marehemu Kabwe, Godefroid wa ubatizo, alizaliwa Kilwa, hii yetu ya bara, si ile ya pwani, tarehe 14 Machi 1925, mtoto wa tatu wa mzee Ngosa, akasoma kwa wamisionari hukohuko toka 1933 hadi 1940, akatoka na mwandiko mzuri na tabia ya kunyoosha kila kilichopinda, hata kola za watu wengine kanisani.

Mwaka 1946 alifika mjini hapa akawa karani wa reli, tarehe 20 Agosti 1949 akafunga ndoa na dada yangu Germaine, Mungu akawajalia watoto wanne, wa kwanza Annie, ndiyo maana wengi wenu mlimjua kama Baba Annie, na tarehe 5 Februari 1968 akaingia ofisi ya kazi za mji, upande wa maji na taa.

Mwaka 1975 bei ya shaba ilipoanguka, mji ukakosa fedha za mabomba, mashine za kusukuma maji zikala umeme usiku na mchana huku nusu ya maji ikinywewa na udongo, na hapa kwetu Kampemba akina mama wakawa wanagombana kwa ndoo, ndipo marehemu alipopewa kazi ya kuuombea mji msaada ng'ambo, akaomba mwaka mzima, mpaka wageni wakakubali kuja kuona uharibifu kwa macho yao, tarehe 9 Juni 1976.

Nasi, ndugu, mgeni tunampokea namna gani? Tulifagia, tukapaka chokaa, kikundi cha animation, wale waimbaji na wachezaji wa chama, kikakaza nyimbo, na kila nyumba ikafunga bomba lake linalovuja kwa mpira wa baiskeli, maana ni haya kumwonyesha mgeni uchafu wa nyumbani, hivyo wageni wakazunguka asubuhi nzima wasione hata tone, na mkubwa wao akamwita mwananchi kwa mtindo wa siku zile, akasema, "Citoyen Kabwe, kwenu yote iko muzuri, huu musaada tutaupeleka kwenye shida," akafunga mkoba wake.

Marehemu alisimama ndani ya suti yake mpya ya abacost, ile isiyo na tai, mkuu wa mtaa akimkazia macho anyamaze, nafasi yake ya ofisini ikining'inia, mpaka dada yangu akamwambia kwa sauti ya chini, "Baba Annie, kazi utapata ingine, mayi je?" basi akainama, akafungua mpira wa bomba la kwake mwenyewe, maji yakaruka yakamlowesha yeye na mgeni hadi soksi, mkuu wa mtaa akafoka, "Citoyen, unatuvua nguo," lakini jirani yetu Mama Wivine hakukubali kupitwa, akawahi kwake akisema, "Ile yake iko kidogo, mukuje muone yangu, inavuja tangu Indépendance," na punde mtaa mzima ukawa unamgombania mgeni aone bomba la nani njo bovu kupita.

Mkoba ukafunguliwa. Msaada ulifika Februari 1977, haukutosha mji mzima, lakini mtaa wetu ulipata mabomba mapya na mashine zisizo na ulafi wa umeme, na kwa ajili ya mitaa iliyobaki marehemu aliomba tena, jibu limefika juma lililopita akiwa bado hai, akalisikia, wageni wanakuja Septemba, na safari hii, tafadhali, msifunge kitu.

Alianza kuugua moyo Novemba 1981, akatutoka tarehe 22 Aprili 1982, saa kumi na moja alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa dada yangu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa ofisi, majirani mliotuletea unga wa kusonga bukari na makaa ya kuipikia, hata mkuu wa mtaa, aliyekuja leo kubeba jeneza bila kuitwa. Baba Annie, ulale salama, umechoka kwa haki.

Na yale matope mliyokanyaga mlangoni, msiseme mvua wala msiwagombeze watoto, bomba niliacha wazi mimi jana, kwa mazoea ya zamani ya kusubiri tusikie maji yakifika, nikasahau kwamba siku hizi hayasubiriwi.