Dada Yetu, Mhandisi wa Madaraja

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake wa mwisho, familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu, na mkiona nimesita, mnivumilie kidogo.

Dada alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, kifungua mimba wa fundi cherehani na mkunga, akasoma shule ya msingi jirani na nyumbani, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1985 akahitimu uhandisi, mwanamke pekee darasani, akaajiriwa idara ya barabara kuu, ambako wenzake walimwita Mama Nguzo kabla hata hajapata mtoto.

Kazi yake ilikuwa kuimarisha madaraja ya zamani yasiporomoke ardhi ikitetemeka, kuzivika nguzo koti la chuma, kuifunga mihimili kwa nyaya nene isichomoke mahali pake, na kumeza matusi ya madereva waliokwama kwenye foleni kwa sababu ya kazi hiyo.

Tarehe 14 Juni 1990 aliolewa na shemeji yetu, mwalimu wa hesabu, mwaka 1994 wakajaliwa binti, na kwa kuwa madaraja hayahami, yeye ndiye aliyehama, mwezi huku, mwezi kule, shemeji akipika chakula cha watatu wakala wawili.

Tarehe 2 Septemba 2003 tetemeko kubwa lilitukuta mchana, Dada akiwa ng'ambo ya mto, nasi tukakimbilia daraja aliloliimarisha mwenyewe, tukalikuta limesimama, naye amesimama upande wa pili, binti akapiga kelele, "Mama, njoo!" naye akajibu, "Nakuja mwanangu, ngoja kwanza nilikague," akashuka chini, magari ya wagonjwa yakisubiri ruhusa yake, na ardhi ikatikisika tena angali huko huko.

Alipanda juu na vumbi hadi kwenye kope, akawapitisha wagonjwa wote, ndipo akavuka kwa miguu, akamwambia shemeji, "Usinilaumu," naye shemeji akasema, "Nilikuona muda wote, na bado nilikukumbuka."

Alistaafu mwaka 2021, akatutania, "Sasa mtanichoka," lakini hatukuwahi kumchoka, kwani saratani ya ini ilimlaza kitandani mwaka uliofuata, akafariki tarehe 20 Februari 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwa shemeji, na mpaka leo geti la nyumbani likilia sote tunageuka tukidhani ni yeye amerudi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani walioacha shughuli zao kutufariji, na wafanyakazi wenzake waliokuja moja kwa moja kutoka kazini, matope yangali kwenye buti zao.

Dada, hatujashiba kukuona. Pumzika kwa amani.