Salamu za Jumapili

Ndani ya treni, muuguzi alijifanya anasoma gazeti, kumbe masikio ameyatega kwenye kiti cha mbele. Mama mmoja aliyevaa nguo nyeusi alikuwa amemtambua abiria wa pembeni yake kwa sauti tu: ndiye yule mwimbaji aliyezunguka kambi za vitani, akiwaimbia wanajeshi na kurekodi salamu zao za nyumbani kwa ajili ya redio.

"Jumapili ile ulimrusha mwanangu hewani," mama alisema. "Nilipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Kumbe ana siku tisa kaburini."

"Mama yangu, tulirekodi mwezi mmoja kabla. Hakuna aliyetuambia."

"Na wewe hukuuliza?"

"Ningeuliza, wakubwa wa jeshi wangekifunga kipindi."

Muuguzi akageuza ukurasa ambao hakuwa ameusoma. Majibu ya namna hiyo aliyajua. Hata wodini yapo.

Treni ikaanza kupunguza mwendo. Mwimbaji akainuka, macho chini. "Nisamehe, mama. Leo hii hii naenda kuifuta ile kanda."

Mama akamdaka koti. "Uifute? Mimi nataka uirudie Jumapili hii."

Treni ikasimama. Mama hakuliachia koti.