Fundi Pima Tena, Aliyemsindikiza Mkewe Masomoni

Marehemu kaka yetu, ambaye mtaa mzima ulimjua kama Fundi Pima Tena, alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa pili kati ya watano wa mama mshonaji na baba dereva wa lori. Mimi ninayesoma wasifu huu ni mdogo wake anayemfuata. Familia imeniomba nisitie chumvi, nami nitajitahidi.

Alisoma shule ya msingi nyuma ya soko kuanzia 1976, akamaliza darasa la saba mwaka 1982. Hakuchaguliwa kuendelea. Wiki hiyohiyo alijipeleka kwenye karakana ya seremala, akakaa mlangoni mpaka alipopewa randa. Jina la Pima Tena lilitokana na tabia yake ya kutokata ubao kabla ya kuupima mara ya pili, hata mteja akiwa amekunja uso.

Tarehe 10 Desemba 1994 alifunga ndoa na shemeji yetu, wakati huo mwalimu wa chekechea. Walijaliwa watoto watatu.

Mwaka 2009 shemeji alipata ufadhili wa kusomea theolojia nje ya nchi. Mfadhili aligharamia masomo, nyumba na safari ya familia nzima, lakini mwenzi wa mwanafunzi hakuruhusiwa kufanya kazi, na mwanafunzi akifeli somo lilelile mara mbili, wote wangerudishwa kwao. Marehemu alifunga karakana. Nilimwambia mbele za watu, “Kaka, unaacha kazi ukafue nepi ugenini?”

“Nepi nazijua,” akanijibu. “Wewe nitunzie randa zangu, usiziharibu.”

Moja niliiharibu.

Muhula wa kwanza shemeji alifeli Kiebrania. Mtihani wa marudio ulikuwa baada ya wiki sita, naye akaanza kupanga nguo kwenye mabegi. Marehemu alizitoa, akazirudisha kabatini moja moja. Kisha, yeye wa darasa la saba, akajifunza herufi zote za lugha ile kwenye kitabu cha mkewe, akawa anamsikiliza akisoma kwa sauti huku anapika, mtoto mgongoni, kitabu kikiwa wazi kati yao. Maana ya maneno hakuijua. Lakini shemeji akikosea neno, aligonga sufuria kwa mwiko na kusema, “Pima tena.” Sufuria ile ilibonyea kabisa. Shemeji alifaulu, na mwaka 2013 alihitimu akiwa wa tatu darasani.

Waliporudi, usharika wetu ulimpa shemeji meza ya kuandika vyeti vya ubatizo. Mimbari ilikuwa ya wanaume. Marehemu alifungua tena karakana, na kila Januari, kwa miaka kumi na moja, alikwenda kuwauliza wazee wa kanisa ni lini mkewe atahubiri. Kila mara walimwambia kwamba jambo linashughulikiwa. Iliniuma kumwona akirudi amenuna. Mwaka ukigeuka alivaa shati jeupe, akaenda tena.

Novemba 2023 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Jumatatu tarehe 20 Mei 2024, mwenyekiti wa wazee alimtembelea wodini, akamuuliza kwa upole angependa nani ahubiri kwenye maziko yake.

“Mke wangu.”

Mwenyekiti alisema hilo lingehitaji kikao.

“Kaeni,” akasema marehemu. “Nitawasubiri.”

Daktari alikuwa amesema zimebaki siku chache. Kikao kiliahirishwa mara mbili, naye alisubiri, akila vijiko viwili vya uji na kukataa cha tatu. Alhamisi tarehe 6 Juni wazee walikubali shemeji ahubiri, si kwa maziko tu bali kwa kila Jumapili ya zamu yake. Kesho yake mwenyekiti alileta barua, akamsomea pale kando ya kitanda. Shemeji alilia, akasema hawezi kuandaa mahubiri ya namna hiyo.

“Utaandaa,” marehemu akamwambia. “Miaka minne hatukwenda kule kutalii.”

Aliaga dunia Jumamosi tarehe 8 Juni 2024, saa tano asubuhi. Shemeji alikuwa kando yake na kalamu mkononi, ameanza ukurasa wa pili.

Ameacha mjane, watoto watatu, mjukuu mmoja, mama yetu mzazi, ndugu wanne, na mafundi sita aliowafundisha kazi. Nilimcheka kaka yangu hadharani, na hadharani namwomba radhi.

Na apumzike sasa. Sisi tukae, tumsikilize mkewe.